Hazina, Kutu, na Gari la Mwaka 1961



Liko swali moja ambalo twalipita kila siku bila kuliangalia usoni. Nalo ni hili: je, yafaa mtu akipende kitu? Sisemi kukitumia, maana sote twatumia vitu. Sisemi kukihitaji, maana hata mtakatifu huhitaji kikombe cha kunywea maji. Nasema kukipenda: kukitazama kwa furaha hata wakati hatukitumii, kukifuta mara mbili kwa siku, kuhuzunika kikipata mkwaruzo, na kuwaza, tukiwa safarini, kama kiko salama huko nyumbani.

Wako watakaojibu upesi kwamba Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya nondo na kutu, na kwa hiyo hakuna la kujadili. Jibu lao ni la kweli. Lakini mimi nimefundisha kwa miaka mingi, na nimejifunza kuyaogopa kidogo majibu yanayokuja kabla swali halijamalizika. Mara nyingi ni majibu ya mwanafunzi aliyekariri sawasawa bila kuelewa alichokariri. Basi naomba tulichukue swali hili polepole.

Tena, ili tusiongee hewani, nimechagua mfano mmoja, na nimeuchagua uwe mgumu makusudi. Ningeweza kuchukua jembe la babu, au cherehani ya mama iliyosomesha watoto sita. Juu ya hivyo sote tungekubaliana mara moja. Badala yake nimechukua kitu cha anasa hasa: motokaa kubwa ya Kimarekani iitwayo Lincoln Continental, ile iliyotolewa mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Hadi leo wako watu, hasa huko Marekani, wanaoitafuta, wanaoinunua ikiwa mkweche, na kuitengeneza kwa miaka mingi. Kama upo upendo halali wa kitu kama hicho, basi kanuni yetu itakuwa imara. Kama haupo, yafaa tujue pia.

GARI LENYEWE

Jina la Continental lilianza mwaka 1939, wakati Edsel Ford, mwana wa Henry Ford, alipotengenezewa gari la pekee la kutembelea katika mapumziko yake huko Florida. Walioliona walilitaka nao, na kampuni ikaanza kuyatengeneza ya kuuza. Mwaka 1951 makumbusho ya sanaa za kisasa ya New York yalionyesha magari manane kama vile watu waonyeshavyo sanamu na picha, na mojawapo lilikuwa Continental ya awali hiyo.

Lakini mwishoni mwa miaka ya hamsini mambo yaliharibika. Watengenezaji wa Marekani walishindana kwa ukubwa, kwa mapezi ya nyuma kama ya papa, na kwa nakshi za chuma king'aacho. Lincoln za mwaka 1958 hadi 1960 zilikaribia urefu wa meta sita. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wanunuzi walizichoka, na hasara ikawa kubwa hata wakuu wa kampuni wakafikiria kulifuta kabisa jina la Lincoln.

Mwenye neno kubwa katika uamuzi huo alikuwa Robert McNamara, mtu wa hesabu, ambaye tutakutana naye tena katika makala hii mahali ambapo pengine msomaji hapatazamii. Huyu hakuwa mtu wa anasa. Gari lililompa sifa lilikuwa Ford Falcon, gari dogo la bei nafuu kwa watu wa kawaida, ambalo liliuzwa zaidi ya 400,000 katika mwaka wake wa kwanza. Basi siku moja alionyeshwa mfano wa udongo uliofinyangwa na msanifu Elwood Engel na wenzake. Mfano huo ulikusudiwa kuwa gari jingine, Ford Thunderbird la milango miwili. McNamara akauliza kama waweza kurefushwa ukawa wa milango minne. Iliwezekana, na hivyo ndivyo Lincoln ilivyookoka.

Gari lililotoka lilikuwa fupi kuliko lile la mwaka uliotangulia kwa karibu sentimeta 38. Ubavu wake ulinyooka, bila mapezi wala nakshi, isipokuwa ukanda mwembamba wa chuma king'aacho uliopita juu ya madigadi kutoka mbele hadi nyuma. Bawaba za milango ya nyuma ziliwekwa upande wa nyuma, hata milango miwili ya ubavu mmoja ikifunguliwa pamoja ilikuwa kama mlango wa nyumba za kale za pwani, wenye mbao mbili zinazoachana katikati. Inasimuliwa kwamba hayakuwa madoido. Kwa kuwa gari lilikuwa limefupishwa, wahandisi walipojaribu kutoka kiti cha nyuma waligonga mlango kwa miguu, wakaona afadhali ufunguke kwa upande mwingine.

Msidhani, hata hivyo, kwamba lilikuwa gari la maskini. Urefu wake ni meta 5.4, uzito unapita kilo 2,200, na injini ni ya silinda nane yenye lita 7. Mitaani kwetu leo watu husema "V8" wakimaanisha gari la mkubwa. Basi hili nalo lilikuwa V8 ya wakubwa wa zamani zile. Kwa petroli ni mlafi, lita 20 hivi kwa kila kilomita 100. Na bei yake ilipita dola 6,000, fedha ambazo zingetosha kununua Falcon tatu.

SAA TATU ZA KILA INJINI

Sasa natoka kwenye sura ya gari na kuingia kwenye jambo ambalo kwangu mimi lina uzito zaidi. Baada ya hasara zile, kampuni ilijua kwamba hakuna atakayeiamini kwa maneno. Kwa hiyo ilitangaza utaratibu mpya katika kiwanda cha Wixom, katika jimbo la Michigan. Kila injini iliendeshwa kwa saa tatu kabla ya kuwekwa garini, kwa mwendo wa mizunguko 3,500 kwa dakika. Kisha ikafunguliwa, ikakaguliwa, na kufungwa tena. Kila gari lililokamilika liliendeshwa barabarani kwa maili 12 na kukaguliwa mambo yanayokaribia 200. Ndipo mnunuzi alipopewa dhamana ya miaka miwili au maili 24,000, dhamana iliyopita desturi ya wakati ule.

Fikirini maana yake. Mnunuzi haioni injini ndani. Angepewa gari lililokaguliwa nusu, asingejua mpaka miaka ipite. Kazi ya fundi yule aliyefungua injini nzima ili atazame kama chuma kimesagika ilikuwa kazi isiyoonekana na mtu. Sisi tuliofundisha twaijua kazi ya namna hiyo. Daftari arobaini husahihishwa usiku kwa taa ya chemli, na hakuna mkaguzi atakayejua kama mwalimu aliisoma kila sentensi au alipiga alama ya vyema akapita. Kiwanda cha Wixom kilifungwa mwaka 2007. Mafundi wale wengi hawako tena. Lakini baadhi ya injini walizozifungua na kuzifunga zinawaka mpaka leo.

Basi tukisema gari hili ni matunda ya majivuno, tumesema kweli nusu tu. Majivuno ya tajiri aliyelinunua yamo. Lakini uaminifu wa mtu mwenye ovaroli umo pia, na huo haukuuzwa kwa dola 6,000, maana mshahara wa fundi ni ule ule akitazama au asipotazama.

KWA NINI WANALIPENDA

Wapenzi wa magari haya wana chama chao tangu mwaka 1953, na mwaka 2014 walifungua makumbusho yao huko Hickory Corners, Michigan. Ukisikiliza wanavyoeleza utaona sababu zao si moja.

Wengine hupenda umbo. Wanasema mistari yake michache haichoshi macho, tofauti na magari ya miaka iliyotangulia ambayo yalipiga kelele hata yakiwa yamesimama. Wengine hupenda kumbukumbu: gari la namna hiyo lilipita mbele ya duka la baba yake, naye akiwa mtoto mwenye suruali iliyotobolewa magotini, akajiambia kwamba siku moja atalipanda. Na wengine, nao ndio wanaonivutia zaidi, hupenda kazi yenyewe ya kuliponya.

Maana kuliponya si kazi ndogo. Gari hili halina chesesi ya peke yake. Bodi na mifupa yake ni kitu kimoja. Kwa hiyo kutu ikiingia sakafuni haikuharibu zulia tu, imeingia kwenye uti wa mgongo. Yale yenye paa la turubai ni taabu zaidi: paa hujikunja lenyewe na kujificha chini ya kifuniko cha nyuma kwa msaada wa pampu, mota, swichi na nyaya nyingi, na swichi moja ikikataa, paa husimama nusu njia mvua ikinyesha. Mtu hutumia Jumamosi zake kwa miaka, hununua spea kutoka mikweche mingine, na mwisho wa yote mara nyingi huwa ametumia fedha nyingi kuliko ambazo angepata akiliuza. Kwa hesabu ya dukani ni hasara tupu.

Hapa ndipo ninapoona jambo jema. Mtu anayejitia hasara kwa hiari ili kitu kilichofanywa vema kisipotee, huyo si mchoyo wa kawaida. Mchoyo hufanya hesabu. Huyu amekwisha kuvuka hesabu, na ameingia katika eneo ambalo Waswahili huliita amana. Amekabidhiwa kazi ya mikono ya wengine, naye anaitunza kwa sababu anajua kwamba hakuifanya yeye na kwamba itabaki baada yake.

Ningeweza kuishia hapa, na makala ingependeza. Lakini yapo mambo matatu yanayonizuia.

LA KWANZA: UPENDO UNAOSAHAU

Hatuwezi kuliongelea gari hili bila kutaja siku moja. Tarehe 22 Novemba 1963, Rais John Kennedy wa Marekani aliuawa huko Dallas akiwa ndani ya Lincoln Continental ya mwaka 1961, ya rangi ya buluu nzito, iliyorefushwa kwa ajili ya shughuli za serikali. Mwalimu Nyerere alikuwa amemtembelea huko Washington mwezi Julai wa mwaka ule ule.

Wengi hudhani kwamba gari lile liliharibiwa au kufungiwa tangu siku hiyo. Sivyo. Liliundwa upya, likawekewa silaha za kuzuia risasi na paa la kudumu, likapakwa rangi nyeusi, na kuendelea kutumika hadi mwaka 1977. Sasa liko katika makumbusho ya Henry Ford huko Dearborn. Na wenye makumbusho hawakulirudisha lifanane na zile picha mashuhuri. Anayekwenda kulitazama hakuti gari la wazi la buluu. Hukuta gari jeusi lenye paa, kama lilivyokuja kuwa baada ya msiba. Nalisifu jambo hilo. Wamekubali kwamba gari lina historia nzima, wala si dakika moja tu ambayo watu wangependa kuitazama.

Lakini upendo wa vitu vya kale hauwi hivyo kila mara. Continental nyingine, nyeupe, iliyombeba rais huyo asubuhi ya siku ile ile katika mji wa Fort Worth, iliuzwa mnadani mwaka 2013 kwa zaidi ya dola 300,000. Simhukumu aliyeinunua, maana siujui moyo wake. Nauliza tu: ni nini hasa kinachonunuliwa hapo? Chuma ni kile kile cha magari mengine. Kilichoongezwa ni ukaribu na kifo cha mtu.

Tena kuna kusahau kwingine. Mtu anapolipenda gari la mwaka 1961, ni rahisi kuanza kuupenda mwaka wenyewe, na kusema kwamba zamani zile kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini mwezi Mei mwaka huo huo, huko Alabama, vijana weusi na weupe waliosafiri pamoja kwa basi ili kuupinga ubaguzi walipigwa, na basi lao likachomwa moto karibu na mji wa Anniston. Barabara zilizopitwa na Continental mpya ndizo zilizopitwa na basi lile. Nasi tusijione bora. Twasema "ya kale dhahabu", na mara nyingi dhahabu hiyo tumeiosha kwanza, tukamwaga machozi ya wengine pamoja na maji machafu.

LA PILI: MARHAMU YA THAMANI

Jambo la pili ndilo lililo midomoni mwa kila mtu: fedha hizo zisingepewa maskini? Na mara tu hoja hiyo inapotolewa, mtu mwingine huinuka na kutukumbusha habari za Bethania, jinsi mwanamke alivyommiminia Bwana marhamu ya thamani kubwa, na jinsi aliyelalamika kwa niaba ya maskini alivyokuwa Yuda. Watu hudhani wamekwisha kujibu. Kwamba anayeuliza habari za maskini ni Yuda, basi nyamaza!

Ndugu zangu, tusifanye hila na habari ile. Hoja haiwi ya uongo kwa sababu aliyeitoa ni mwongo. Tena tutazame vema kilichotendeka Bethania. Marhamu yale yalimiminwa. Hayakufungiwa kabatini, hayakuonyeshwa kwa wageni, hayakuongezeka bei. Yalimwagwa yote kwa ajili ya mtu mmoja ambaye saa yake ilikuwa karibu, nyumba nzima ikajaa harufu yake, na baadaye hayakuwapo tena. Habari ile haimtetei mwenye kufungia gari chini ya turubai. Inamtetea aliye tayari kukimimina kitu chake cha thamani mtu anapokihitaji.

Katika kanisa tunacho kikombe cha ushirika. Ni cha fedha, kinang'arishwa, kinatunzwa kwenye sanduku lenye kitambaa, na sijamsikia mtu akisema kwamba wanaokitunza wanaabudu fedha. Kwa nini? Kwa sababu kila Jumapili kinatoka sandukuni, na mama muuza samaki hunywa humo pamoja na meneja wa benki. Kitu kizuri kinachopita mkononi mwa wote hakimwoneshi mtu ukubwa wake.

Wengi mtamkumbuka mzee mmoja mstaafu wa idara ya afya aliyekuwa na Peugeot 404. Jinsi alivyoipenda gari ile! Aliiosha kila Ijumaa, na watoto walijua kutoigusa. Lakini usiku wa manane ilikuwa ndiyo gari ya wagonjwa wa kijiji kizima. Walezi wa wajawazito walikuwa wakimgongea dirisha, naye hakuwahi kuuliza habari za viti. Asubuhi alionekana akiviosha kwa maji ya chumvi, kimya. Sasa niambieni kama mzee yule alikuwa mtumwa wa kitu.

LA TATU: VITU HUTII

Sasa namrudia yule mtu wa hesabu. McNamara alifanywa rais wa kampuni ya Ford mwezi Novemba 1960, lakini hakukaa. Januari 1961, kabla Continental mpya hazijaenea barabarani, alikwisha kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani. Huko aliingia na kipaji chake kile kile cha kupima na kuhesabu, na kwa kipaji hicho alisimamia vita vya Vietnam. Mwaka 1995, akiwa mzee, aliandika kitabu akakiri kwamba yeye na wenzake walikosea vibaya sana.

Katikati ya hayo, kuanzia mwaka 1968 hadi 1981, alikuwa Rais wa Benki ya Dunia, na hapo ndipo tunapokutana naye karibu na kwetu. Mwezi Septemba 1973 alisimama Nairobi, mbele ya magavana wa Benki hiyo kutoka dunia nzima, akazungumza juu ya umaskini uliokithiri, na hasa juu ya mkulima mdogo wa jembe la mkono. Alitaka benki yake ielekeze nguvu kwa huyo mkulima, hata akataja lengo: kufikia mwaka 1985, mazao ya wakulima wadogo yawe yanaongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka. Mtu aliyeokoa motokaa ya dola 6,000 alikuwa akiwasemea watu ambao wasingeona fedha hizo maisha yao yote. Siamini kwamba alikuwa mnafiki. Alitamani hasa. Lakini lengo lile halikufikiwa katika sehemu kubwa ya Afrika, nasi wenye umri tunaikumbuka miaka ya themanini na foleni zake za unga na sabuni.

Nafundishwa nini na maisha ya mtu huyo? Kwamba gari laweza kukaguliwa mambo 200 likawa zima, lakini kijiji hakiwezi, wala taifa. Chuma hutii. Ukikaza nati, nati imekazika. Ukipaka rangi, rangi inakaa. Gari halina kinyongo, halikumbuki ulivyolisema jana, halitaki radhi. Na hapa, nadhani, ndipo ilipo hatari kubwa ya kupenda vitu, kubwa kuliko hata gharama. Anayeshinda gerejini Jumamosi zote anapata furaha ya kweli, furaha ya kuona jambo lililoharibika likitengenezeka kwa mikono yake. Furaha hiyo ni tamu mno. Akirudi nyumbani anamkuta mke ambaye hatengenezeki kwa spana, na kijana wa kiume ambaye hajibu swali. Ni rahisi kugeuka na kurudi gerejini.

Wala usiseme hayo ni ya Wamarekani. Kwetu kitu hicho chaweza kuwa shamba, au ng'ombe, au nyumba isiyokwisha kujengwa, au simu. Hata kazi ya kanisa yaweza kuwa gereji ya mtu. Nimewaona wazee wa kanisa waliojua kila bati la paa la kanisa, na hawakujua kwamba jirani yao wa benchi amefiwa.

BASI TUFANYE NINI?

Nairudia sasa ile nondo na ile kutu. Nilipokuwa kijana nilidhani onyo lile lataka tuvidharau vitu. Siku hizi naona kwamba mtu asiyejali kutu hajafanya toba yoyote; amekuwa mzembe tu. Paa la shule linalovuja kwa sababu hakuna aliyepaka rangi misumari si ushahidi wa utakatifu. Mtu anayepambana na kutu ya gari la mwaka 1961 anajua jambo ambalo wengi wetu hatulijui: kwamba kila kitu kimewekwa mikononi mwetu kwa muda, na kwamba muda huo ni mfupi. Hazina yake haiko salama, naye anajua. Swali ni kama ujuzi huo unamfanya awe mpole au awe mkali zaidi katika kukumbatia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: yafaa kukipenda kitu, hata cha anasa, ikiwa twakishika kama amana na si kama kipimo cha ukubwa wetu. Wenye umri wangu mnaikumbuka ile miaka ya shida ya mafuta, ambapo Jumapili alasiri magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani. Mwenye gari na asiye nalo walitembea vumbini pamoja kwenda ibada ya jioni. Wako waliotembea kama kawaida yao, wakazungumza na watu. Na wako ambao bila usukani mkononi hawakujua wawe nani. Siku zile zilipima watu vizuri kuliko mahubiri mengi.

Kwa kuwa mwalimu hawezi kuaga bila kutoa zoezi, natoa maswali matatu. Kila mmoja akichukue kitu anachokipenda kuliko vingine, gari au pikipiki au seti ya vyombo vya harusi, akijiulize haya akiwa peke yake.

La kwanza: je, ili nikipende kitu hiki, kuna ukweli ninaotakiwa kuusahau? Kilipatikanaje, nani aliumia, nani hakulipwa?

La pili: usiku mtu akigonga dirisha, je, kitatoka nje?

La tatu: je, kinanirudisha kwa watu, au kinanipa mahali pa kuwakimbia?

Atakayejibu vema, na aendelee kukipangusa kitu chake kwa furaha, wala asimwonee haya mtu. Kazi njema ya mikono ni zawadi, hata ikiwa ina magurudumu manne na injini ya lita 7. Atakayeona jibu moja limekataa, asikimbilie kukiuza. Kukiuza ni rahisi, na moyo hununua kingine kesho yake. Aanze kwa jambo dogo zaidi. Akitoe nje, amwazime mtu.